Faili za data zikaguliwe kabla ya kupakiwa, si baada ya hasara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika toleo la wiki iliyopita, alipendekeza makarani wanaokosea kuingiza taarifa kwenye mifumo ya kompyuta wakatwe mishahara mpaka wajue kuwa makini. Sikatai kwamba uzembe upo, wala sidharau hasara aliyoieleza. Ninachokataa ni mahali alipoutua mzigo. Mimi ni fundi wa programu, naishi Ngamiani hapa Tanga, na nimewahi kumwona karani akigombezwa mbele ya watu kwa kosa ambalo, tulipolifuata hadi kwenye shina lake, lilikuwa langu mimi niliyeunda mfumo na kuuacha upokee faili yoyote bila kuikagua.

Kikundi ninachokifanyia kazi huwatumia wachuuzi wa samaki bei za mialo kila asubuhi kwa ujumbe mfupi wa simu: Deep Sea, Sahare, Kigombe, Kipumbwi na mingineyo. Bei hizo hukusanywa na dada mmoja ambaye huziandika katika faili ndogo za JSON, muundo wa kuandika data kwa maandishi ambayo kompyuta huyasoma, faili moja kwa kila mwalo. Faili yenyewe haina maajabu. Ni jina la samaki ndani ya alama za kunukuu, nuktambili, bei, kisha mkato, halafu samaki mwingine katika mstari wake, hadi wa mwisho ambaye hafuatwi na mkato, na yote hayo yamefungwa ndani ya mabano. Asubuhi moja ya kusi, hakuna chombo kilicholeta nguru, na nguru ndiye aliyekuwa mstari wa mwisho. Yule dada akafanya ambalo mtu yeyote angelifanya: akaufuta mstari wa nguru. Mstari wa changu uliokuwa juu yake ukabaki na mkato wake ukining'inia, hauna kinachoufuata.

Kwa binadamu anayesoma, mkato huo ni sawa na punje ya mchanga kwenye sinia la wali. Anaupita bila kuuona. Kwa kanuni za JSON, ambazo toleo lake linalotumika sasa limeandikwa katika waraka wa RFC 8259 wa Desemba 2017 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), ni kosa la sintaksia, yaani kosa la mpangilio wa alama, na visomaji vingi huikataa faili nzima kwa sababu yake. Ndivyo kilivyofanya kisomaji changu. Lakini mimi nilikuwa nimeiandika programu hivi: faili isiposomeka, tumia bei za mwisho zilizosomeka. Nilijiona mwerevu siku niliyoandika mstari huo, kwa kuwa niliona huduma haitakatika kamwe. Kweli haikukatika. Kwa siku tatu mfululizo wachuuzi wakaendelea kupokea bei za siku moja iliyokwisha pita, na juu ya kila ujumbe pameandikwa kwamba ni bei za leo.

Aliyeligundua jambo hilo hakuwa fundi. Ni mama mmoja anayenunua Kigombe na kupeleka Muheza mjini, ambaye alinikuta barazani jioni ya siku ya tatu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanionyesha simu yake na kuniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Mwanangu, hii bei yenu ya leo, ni ya leo ipi?" Alikuwa ametoka nyumbani na fedha aliyoipima kwa bei ile ya changu, akakuta mwaloni imepanda, akarudi na nusu ya ndoo.

Kikaoni lawama zilimwangukia yule dada, na nikiri kwamba kwa nusu saa ya kwanza nami nilikaa kimya. Baadaye tuliketi wawili mbele ya kompyuta kutafuta lilipo kosa. Ujumbe wa programu ulitaja mstari wa 9. Tukautazama mstari wa 9: ulikuwa na bano la kufunga peke yake, na bano lenyewe halikuwa na ila yoyote. Tulilifuta, tukaliandika upya, tukaongeza nafasi, tukaondoa nafasi. Ilichukua muda kutambua kwamba kisomaji hutaja mahali kiliposhangaa, si mahali mtu alipokosea; kiliuona mkato mwishoni mwa mstari wa 8, kikasubiri samaki mwingine, kikakutana na bano. Yule dada ndiye aliyeuona mkato kwanza. Akaniuliza kama kompyuta ilikuwa inajua jambo hilo tangu siku ya kwanza. Nikamjibu kwamba ndiyo, ilikuwa inajua. "Basi mbona haikusema?"

Swali hilo ndilo ninalotaka kulileta mbele ya wasomaji wako, hasa wale wanaoagiza mifumo na kuilipia.

Programu haitoki kwenye kompyuta ya fundi ikaenda moja kwa moja kwa mtumiaji. Katika karakana iliyopangwa vizuri, mabadiliko yote, ya programu na ya data, huwekwa katika hazina moja, siku hizi kwa kawaida inayotunzwa na Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko, na kila yanapowekwa, seva huyachukua na kuijenga programu upya yenyewe, hatua kwa hatua, bila mtu kubonyeza kitu. Wazo la kuiachia mashine kazi ya kujenga si geni. Make, programu aliyoiandika Stuart Feldman wa Bell Labs mwaka 1976, inatumika mpaka leo. Kila hatua inapomalizika hurudisha namba: 0 maana yake ni salama, endelea, namba nyingine yoyote maana yake ni simama hapo. Ukaguzi ninaoudai ni hatua moja tu ya kuongeza mwanzoni mwa msururu huo. Ifunguliwe kila faili ya data, isomwe kama programu yenyewe itakavyoisoma, na ikikataa kusomeka, ujenzi usimame na aliyeileta aambiwe papo hapo, angali mezani na kumbukumbu ya alichokifuta ikiwa bado kichwani.

Vifaa vya kazi hiyo havinunuliwi. Anayetumia lugha ya programu ya Python tayari anacho kikaguzi cha JSON ndani yake, kwa jina la json.tool, na kwa miundo mingine ya kuandika data, kwa XML kuna xmllint, na kwa YAML kuna yamllint. Kukagua mamia ya faili ndogo kama zetu ni suala la sekunde. Kwa hiyo fundi anayesema kwamba ukaguzi utamwongezea mteja gharama, na aulizwe gharama hiyo inatoka wapi.

Nitakaa kidogo kwenye aina za makosa yenyewe, kwa sababu msomaji mwenzangu aliandika kana kwamba karani makini hawezi kuyafanya. Mengi ya makosa haya hutokea kwa sababu karani ameandika sahihi, kwa Kiswahili sahihi na kwa desturi sahihi za hapa kwetu. Mfano ni papa ng'onda. Katika faili ya YAML jina likifungwa kwa alama moja moja za kunukuu, ile ritifaa ya ng'onda huhesabiwa kuwa ndiyo alama ya kufunga, na herufi zinazofuata zinabaki nje kama mtu aliyefungiwa mlango mguu mmoja ukiwa ndani. Dawa yake ni kuyafungia maneno hayo alama mbili mbili, au kuiandika ritifaa mara mbili. Waliotunga kanuni hizo huenda hawakuwahi kuorodhesha ng'ombe wala ng'onda, lakini sisi tunaviandika kila siku, na sioni karani amekosea nini kwa kuandika jina la bidhaa kama linavyoandikwa katika kamusi.

Au chukua bei. Hapa kwetu shilingi elfu kumi na mbili huandikwa 12,000, na hivyo ndivyo ilivyo kwenye risiti, kwenye vibao vya sokoni na kwenye magazeti, lako likiwemo. Katika faili ya CSV, ambayo mkato ndio unaotenganisha safu, bei hiyo hukatika vipande viwili: 12 na 000. Waraka wa RFC 4180 wa Oktoba 2005 unaeleza kwamba kipande chenye mkato ndani yake kifungwe kwa alama mbili mbili za kunukuu, lakini ni karani gani aliyewahi kuonyeshwa waraka huo? Kikaguzi hulinasa kosa hili kwa hesabu ya kawaida tu: kichwa cha jedwali kina safu nne, mstari huu una tano, simama. Bila kikaguzi, mama wa Muheza atatumiwa changu kwa shilingi 12 na atadhani tunamdhihaki.

Kuna pia sifuri za mwanzo, nazo zina vituko vyake. Namba zetu za simu huanza na 0, na mialo yetu tuliipa namba kama 008, 009, 010. Ukiiandika 010 katika JSON bila alama za kunukuu, ni kosa la sintaksia, maana namba hairuhusiwi kuanza na sifuri kisha tarakimu nyingine. Nami naushukuru ukali huo. Jedwali la kompyuta huila sifuri kimyakimya likabakiza 10. YAML ya toleo la 1.1 ndiyo iliyonishangaza zaidi: namba inayoanza na sifuri, yenye tarakimu za 0 hadi 7 tu, huhesabiwa kwa mafungu ya nane badala ya kumi, kwa hiyo 010 husomwa kuwa 8, ilhali 008 na 009 hubaki kuwa maneno tu kwa kuwa tarakimu 8 na 9 hazimo katika hesabu hiyo. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliiacha desturi hiyo, lakini visomaji vya toleo la zamani bado vinatumika sana, PyYAML, kisomaji cha YAML cha Python, kikiwa kimojawapo. Fikiri basi bei za mwalo wa kumi zikitajwa kuwa za mwalo wa nane, na kila aliyeziandika ameziandika sawasawa.

Alama za kunukuu zilizopinda, ambazo simu huziweka yenyewe mtu anaponakili orodha kutoka kwenye ujumbe, sizielezi kwa urefu. Nazo hazisomeki katika JSON, na jicho la mtu aliyechoka haliwezi kuzitofautisha na zilizonyooka. Ile nafasi ndefu ya kitufe cha Tab nayo ina kesi yake: Make hudai iwepo mwanzoni mwa mistari ya amri, YAML huikataza katika kusogeza mistari, na fundi anayetumia vyote viwili kwa siku moja huishi kama mtu mwenye wake wenza wasiosalimiana.

Sasa nirudi kwenye kosa langu, kwa sababu halikuishia kwenye mkato. Baada ya kikao kile niliongeza hatua ya ukaguzi siku hiyohiyo, nikatangaza kwamba tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza. Niliandika amri inayopitia faili moja baada ya nyingine kwa mzunguko, na sikukumbuka kwamba mzunguko wa namna hiyo hurudisha namba ya faili ya mwisho peke yake. Faili ya tatu ikiwa mbovu na ya kumi ikiwa nzima, mzunguko unarudisha 0 na ujenzi unaendelea, huku malalamiko ya faili ya tatu yamechapishwa vizuri kabisa mahali ambapo hakuna anayesoma. Wiki hiyohiyo nikajifunza pia kwamba jq, chombo kizuri cha kusomea JSON ninachokipenda, hupewa faili tupu isiyo na herufi hata moja kikasema salama, kwa kuwa hakikuona cha kulalamikia, ilhali json.tool huikataa faili hiyohiyo. Tangu hapo nimeweka ndani ya hazina faili chache mbovu za makusudi, yenye mkato unaoning'inia, yenye mabano yasiyofungwa na iliyo tupu, na kila ujenzi huanza kwa kuthibitisha kwamba kikaguzi kinazikataa zote. Kisipokataa, hakiruhusiwi kugusa faili za kweli.

Anayeona hayo ni mambo ya kikundi kidogo cha Tanga, na akumbuke Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Saa moja na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani, inayouza programu za ulinzi wa kompyuta, ilisambaza kwa wateja wake duniani faili ya data, si programu mpya, na takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka. Ndege zikakaa chini na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Faili iliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta zilizokwisha kuanguka zilihitaji mikono ya watu. Sababu iliyoelezwa na kampuni yenyewe ni kwamba aina hiyo ya data ilitajwa kuwa na nafasi 21, wakati programu iliyoisoma ilikuwa ikipewa thamani 20 tu. Kikaguzi kilikuwepo. Nacho kiliamini zipo 21, kikaipitisha.

Mfano huo unaonyesha pia mpaka wa jambo ninaloliombea, na sitaki kumuuzia mtu dawa ya magonjwa yote. Ukaguzi wa sintaksia utasema kwamba mabano yamefungwa na mikato imekaa mahali pake. Hautasema kwamba changu wa 120,000 kwa kilo ni sifuri moja iliyozidi, wala kwamba 010 imegeuka 8, maana hayo yote yameandikwa kwa alama halali. Kwa hayo kunahitajika hatua ya pili, nayo ni skima: maelezo yanayosomwa na mashine kwamba namba ya mwalo ni maneno na si tarakimu za kuhesabu, kwamba bei haipungui kiasi fulani wala haizidi kiasi fulani, kwamba samaki hatajwi mara mbili katika faili moja. Lakini skima haiwezi kupima faili isiyosomeka, kwa hiyo hatua ya kwanza hairukwi.

Jambo moja ambalo mafundi wenzangu hulidharau ni lugha ya ujumbe wa kosa. Kikaguzi kinatoa Kiingereza cha mafundi, na karani anayeamka alfajiri kwenda mwaloni hana wajibu wa kukitafsiri. Sisi tumeandika kijiprogramu kifupi kinachopokea lalamiko la kikaguzi na kulitoa hivi: "Faili ya Kigombe, mstari wa 9. Angalia mwisho wa mstari wa 8: huenda kuna mkato usiofuatwa na kitu." Ujumbe huo humfikia yule dada kwenye simu yake kabla hajafunga kompyuta. Husahihisha mwenyewe, bila kunipigia na bila mtu wa tatu kujua kwamba palikuwa na kosa, na nadhani hilo la mwisho lina thamani yake kwa mtu aliyewahi kugombezwa kikaoni.

Kwa hiyo nawaomba wanaosaini mikataba ya mifumo, iwe ni ya halmashauri, ya vyama vya ushirika, ya shule au ya vikundi kama chetu, waongeze katika mkataba sharti linalosomeka takriban hivi: kila faili ya data itakaguliwa na mashine kila mara programu inapojengwa, faili isiyosomeka itausimamisha ujenzi, aliyeileta atajulishwa kwa Kiswahili, kwa jina la faili na namba ya mstari, na siku ya makabidhiano fundi ataleta faili mbovu mbele ya mteja ili mteja auone mfumo ukiikataa. Hilo la mwisho lisiachwe. Linachukua dakika tano, na ni mtihani ambao mfumo wangu wa kwanza usingeushinda.

Kuhusu ule mstari wangu wa kutumia bei za mwisho zilizosomeka, sikuuondoa, kwa kuwa bei ya jana bado humfaa mchuuzi kuliko simu tupu. Nilichobadilisha ni kichwa cha ujumbe. Neno "leo" halimo tena. Pameandikwa siku, tarehe na saa bei ilipochukuliwa mwaloni, na bei ikipitisha siku moja, mstari wa kwanza wa ujumbe husema hivyo kabla ya kutaja samaki hata mmoja.

Msomaji wako,
Fundi wa programu,
Ngamiani, Tanga